Kilo Zimepungua, Damu Je?

 

Nianze na namba mbili zilizotoka katika utafiti mmoja. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015 hadi 2016 ulipima wanawake wa umri wa kuzaa nchi nzima. Katika kila wanawake 100, 45 walikuwa na upungufu wa damu. Na katika kila wanawake 100, 28 walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia. Tukizisikia namba hizi huwa tunazigawa haraka vichwani mwetu: upungufu wa damu tunampa mama mwembamba wa kijijini aliyezaa mfululizo, na unene tunampa mama wa mjini mwenye duka lake na gari lake. Leo nataka nimzungumzie mwanamke aliyemo katika namba zote mbili. Alikuwa mnene, akaenda kufanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, akapungua, akapendeza, na sasa anaishiwa damu. Wapo, na wataongezeka.

Zamani habari ya upasuaji huu ilikuwa ya kwenda India au Uturuki. Siku hizi Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, inaweka puto tumboni na inafanya upasuaji wenyewe. Profesa Mohamed Janabi, aliyewahi kuiongoza Muhimbili kabla ya kwenda kuongoza Shirika la Afya Duniani Kanda ya Afrika mwaka 2025, alizungumza sana hadharani juu ya uzito, vyakula na magonjwa yanayofuatana navyo, na watu wengi walimsikia hata huku kwetu Shinyanga. Mtu wa Kahama au Geita ambaye biashara imemkubali anaweza leo kupanda basi au ndege, akafanyiwa, akarudi nyumbani baada ya siku chache. Uwanja wa ndege wa Shinyanga uko hapa hapa Ibadakuli. Safari imekuwa nyepesi.

Na mimi siupingi upasuaji huu. Nasema hivyo mapema ili tusielewane vibaya. Mtu mwenye kisukari kisichoshikika, presha ya kupanda, magoti yaliyochoka kubeba mwili na usingizi wa kukabwa koo, upasuaji unaweza kumrudishia maisha. Kinachonisumbua ni kinachofuata. Upasuaji unafanyika Dar es Salaam kwa saa chache. Matunzo yake yanafanyika Shinyanga kwa miaka yote iliyobaki. Kati ya hapo na huko kuna karibu kilomita 1,000, na mgonjwa anazivuka akiwa peke yake.

Tuelewe kwanza kinachofanyika tumboni. Madini chuma tunayokula, yaani madini ambayo mwili unayatumia kutengeneza wekundu wa damu, hayanyonywi popote tu. Tindikali ya mfuko wa chakula ndiyo inayoyabadili yawe katika hali ambayo mwili unaweza kuyachukua, na kisha yananyonywa zaidi katika sehemu ya kwanza kabisa ya utumbo mwembamba, pale chakula kinapotoka tu kwenye mfuko.

Sasa watu mtaani wanasema fulani kakatwa utumbo. Mara nyingi kinachokatwa ni mfuko wa chakula. Kuna upasuaji ambao daktari anaondoa sehemu kubwa ya mfuko, kama asilimia 80, anaacha kijifuko chembamba na kirefu. Hapo njia ya chakula ni ile ile, lakini tindikali imepungua sana na chakula pia kimepungua. Kuna upasuaji mwingine, wa zamani zaidi, ambao daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani aliuanzisha mwaka 1966: kinabaki kijifuko kidogo sana juu, na utumbo unaunganishwa upya ili chakula kiruke mfuko uliobaki pamoja na ile sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Umeona? Chakula kinaruka pale pale ambapo madini chuma yalikuwa yananyonywa. Mtu huyu anaweza kula maini kila siku na bado asipate anachohitaji. Puto ni habari nyingine, kwa sababu halikati kitu na hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Ongeza jambo moja ambalo wengi hawalijui. Mtu mnene sana mara nyingi anaingia chumba cha upasuaji akiba yake ya madini chuma ikiwa tayari imepungua. Mafuta mengi mwilini huleta hali kama ya uvimbe wa ndani kwa ndani, ini linatoa kwa wingi homoni iitwayo hepsidini, na hepsidini kazi yake ni kuzuia madini chuma yasiingie kwenye damu. Kwa hiyo alianza na upungufu, kisha tukamkata. Na kama ni mwanamke anayeona siku zake, kila mwezi anapoteza madini mengine. Wanawake hawa ndio wanaoathirika zaidi, na tatizo haliji siku ya pili. Linakuja polepole, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tano, wakati ambapo kila mtu ameshasahau kwamba kulikuwa na upasuaji.

Tuchukue mfano, msikilizaji. Mfano tu, simsemi mtu. Tuseme ni mama wa miaka 38, anauza mchele na karanga kwa jumla, alikuwa na kilo 118, akafanyiwa ule upasuaji wa kuruka sehemu ya utumbo, sasa ana kilo 80. Mwaka wa tatu huu. Ameanza kuchoka. Anapanda ngazi mbili moyo unamdunda. Nywele zinabaki kwenye kitana. Kucha zinavunjika. Na kuna kitu anakifanya kwa siri: anatafuna mchele mbichi dukani kwake, konzi kwa konzi, mpaka taya zinauma. Mwingine atakuwa anakula barafu. Mwingine anakula ule udongo unaouzwa sokoni kwa vipande, ambao wengi tunauita pemba.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili tunalichukulia kama tabia ya wajawazito tu, tunacheka, tunapita. Hamu ya kula vitu ambavyo si chakula ni moja ya dalili zinazoambatana sana na upungufu wa madini chuma. Mtafiti Sera Young alikaa kisiwani Pemba akilichunguza suala hili na mwaka 2011 akatoa kitabu kizima juu ya ulaji wa udongo. Na udongo wenyewe unaweza kuyashika madini chuma tumboni yasinyonywe, kwa hiyo anayeula anazidi kujikosesha. Ukijikuta una hamu isiyozuilika ya mchele mbichi, barafu au udongo, na uliwahi kufanyiwa upasuaji wa tumbo, usione aibu. Nenda ukapime.

Basi mama wetu anakwenda zahanati. Nesi anamvuta chini ukope wa jicho, anaangalia wekundu. Anamgeuzia kiganja, anakikunjua vizuri aone ile mistari. Anamtoboa kidole, tone moja la damu linaingia kwenye kile kijikadi cha mashine ndogo, na jibu linatoka: nane. Kwa mwanamke asiye mjamzito tunataka angalau 12. Nesi anauliza maswali yake. Homa? Hapana. Siku zako ni nzito? Kawaida. Umewahi kufanyiwa upasuaji wowote?

Mama anajibu: hapana.

Msikilizaji, jibu hili ndilo lililonifanya nilete mada ya leo. Kwa nini mtu amdanganye nesi aliyekaa kumsaidia? Huku kwetu tunajua sababu. Mtu akipungua mwili ghafla, watu hawamuulizi anakula nini. Wanaulizana ana nini. Tulizika watu wengi sana kwa UKIMWI kwenye miaka ya tisini na mwanzoni mwa elfu mbili, katika miji ya machimbo na kando ya barabara kuu, na tulijifunza kuutazama mwili uliokonda kwa hofu. Hofu hiyo bado ipo. Aliyepungua kilo 38 anajua anasemwa. Akisema ukweli kwamba amelipia upasuaji, atasemwa vingine: ana hela za kuchezea, kaukana mwili aliopewa na Mungu, mume wake kamruhusu vipi. Basi anachagua hadithi nyepesi. Nimeacha ugali. Natembea asubuhi. Nakunywa maji ya limau. Hadithi hiyo akiirudia miaka mitatu kwa shoga zake, wifi zake na watu wa kanisani, inamtoka hata mbele ya nesi.

Na nesi hawezi kujua. Upasuaji wa siku hizi unafanyika kwa vitundu. Makovu ni madogo mno, matano au sita, mengine yamefifia kabisa. Hakuna mshono mrefu wa kumshtua mtu anapompima tumbo.

Kwa hiyo nesi anafanya kile ambacho mkoa wetu umemfundisha kufanya. Anapima malaria. Anampa albendazole ya minyoo. Anampa fefo, vile vidonge vya kuongeza damu, za mwezi mmoja. Kila hatua ni sahihi kwa mgonjwa wa kawaida wa Shinyanga, maana huku damu inapungua kwa malaria, inapungua kwa minyoo ya safura, inapungua kwa kichocho, na Kanda ya Ziwa tuna watoto wengi wenye selimundu. Lakini mgonjwa huyu si wa kawaida. Anameza fefo mwezi mzima, anarudi: nane. Anaongezewa mwezi mwingine: nane kasoro. Anaambiwa hamezi dawa. Anaudhika, anaacha kwenda.

Mama yangu, dada yangu, ukiwa chumba cha daktari au nesi, sema. Anayekuhudumia amekula kiapo cha kutunza siri zako, na chumba kile si mahali pa kulinda sura. Kama huwezi kutamka, andika kwenye karatasi umpe: nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito, mwaka fulani, aina fulani. Mistari miwili inabadilisha matibabu yote. Na ninyi wauguzi na waganga mnaonisikiliza, ongezeni swali moja kwa mwanamke ambaye damu haipandi: je, uzito wako umebadilika sana miaka ya karibuni, na ulibadilikaje? Mwulizeni kwa upole, mlango ukiwa umefungwa.

Sasa vipimo. Kile cha tone la damu kinakwambia damu ni kidogo, hakikwambii kwa nini. Cha kuomba ni picha kamili ya damu, inayoonyesha pia ukubwa wa chembe. Chembe zikiwa ndogo na zilizopauka, unafikiria madini chuma. Zikiwa kubwa, unafikiria vitamini B12, ambayo nayo hupungua baada ya upasuaji huu na huleta ganzi miguuni. Hiyo inatibiwa kwa sindano yake, na fefo haitaisaidia. Halafu kuna feritini, kipimo cha akiba ya madini chuma mwilini. Chini ya 15 akiba imekwisha, na kwa aliyefanyiwa upasuaji huu wataalamu wengi wanaanza kuchukua hatua hata ikiwa chini ya 30. Ila feritini hupanda yenyewe mtu akiwa na homa, maambukizi au uvimbe, kwa hiyo ukiipima ukiwa na malaria inaweza kusoma vizuri na kukudanganya. Ipime ukiwa umepona. Usitegemee kila zahanati iwe na kipimo hiki. Kiulizie hospitali ya rufaa ya mkoa pale Mwawaza, Kolandoto, au ukipewa rufaa, Bugando kule Mwanza.

Na itafutwe damu inakovujia. Nasema hili kwa msisitizo kwa sababu ya maduka yetu ya dawa. Mtu akiumwa mgongo ananunua diklofenaki bila kuulizwa chochote. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kuruka utumbo, dawa za maumivu za kundi hilo zinaweza kuleta kidonda pale utumbo ulipounganishwa, na kidonda kile kinaweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi bila yeye kujua. Choo kikiwa cheusi kama lami aseme, ingawa akumbuke vidonge vya damu navyo hufanya choo kuwa cheusi. Maumivu yakimzidi, paracetamol ndiyo ya kuanzia, na daktari aamue yanayofuata.

Najua mnasubiri niseme habari ya vyakula. Nimeshapokea maswali ya rozela, ya kiazi chekundu, ya yale maji mekundu ya matembele yaliyochemshwa. Ni vyakula vizuri, na rozela ina tindikali inayosaidia kunyonya madini ya kwenye mboga. Lakini madini chuma ya majani hunyonywa kwa shida hata kwa tumbo zima, na mchicha tunaousifia ndio hasa unaoyashikilia. Maini, nyama na samaki wa ziwani ndio hutoa madini yanayonyonyeka vizuri zaidi. Mama wetu mwenye kijifuko kidogo anakula vijiko vichache anashiba, na wengi wao nyama nyekundu inawakwama, inawarudia. Basi ale dagaa waliosagwa, ale maini laini kidogo kidogo, anyunyizie ndimu. Chai aitenge na chakula, hata ile ya asubuhi na michembe na karanga, kwa sababu chai huzuia madini chuma. Maziwa mgando pia ayatenge. Ila nisimdanganye mtu: akiba ikishakwisha na utumbo umerukwa, chakula peke yake hakitairudisha.

Twende kwenye vidonge. Fefo moja ya kliniki ina madini chuma yapata miligramu 60 pamoja na foliki asidi kidogo. Mwongozo wa madaktari wa Marekani wanaofanya upasuaji huu unataka mwanamke anayeona siku zake apate miligramu 45 hadi 60 kila siku maisha yake yote, hata kama haumwi, kama kinga. Kwa hiyo kile ambacho mjamzito anapewa kama nyongeza ya muda, huyu anakihitaji miaka yote. Akishaugua anahitaji zaidi. Ameze tumbo likiwa tupu kama linavumilia, pamoja na kitu chenye vitamini C, na kama anameza kalisi, ambayo nayo wamepangiwa wengi, aipishe kwa saa mbili au zaidi. Watafiti wa Zurich walionyesha mwaka 2017 kwamba kwa wanawake wenye akiba ndogo, kumeza siku moja na kuruka moja kulifanya madini yanyonywe vizuri zaidi kuliko kumeza kila siku, kwa sababu kidonge cha leo kinapandisha ile hepsidini nayo inakizuia cha kesho. Wanawake hao walikuwa na matumbo mazima. Mwenye tumbo lililokatwa azungumze na daktari wake kabla ya kubadili.

Lakini asijitibu mwenyewe kwa kubahatisha, na zaidi asimpe mtoto wake vidonge vyake kwa sababu naye anaonekana mweupe. Pemba tuna somo kubwa. Watoto wadogo walipewa madini chuma na foliki asidi katika utafiti mkubwa, na mwaka 2003 sehemu hiyo ikabidi isitishwe kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali na kufariki kwa wingi zaidi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006, na malaria ilihusika. Dunia nzima ikabadili namna ya kugawa madini haya penye malaria. Pima kwanza, tibu malaria kwanza.

Sasa fanya hesabu pamoja nami. Mama wetu ana kilo 80, damu nane, tunataka ifike 15 na akiba ijae. Kwa kanuni wanayotumia madaktari anadaiwa madini chuma karibu miligramu 1,850. Mtu mwenye utumbo mzima aliyepungukiwa akimeza kidonge cha 60 huenda akanyonya miligramu 6 hadi 12. Hata tukimpa 10 kwa siku, ni zaidi ya miezi sita bila kuruka siku, na bila kuhesabu anachopoteza kila mwezi. Utumbo wake unanyonya chini ya hapo. Ndiyo maana miezi miwili ya fefo haikusogeza kitu. Hakuwa mkaidi, hakutupa dawa chooni. Njia ya dawa ndiyo iliyofungwa.

Wengine wanakimbilia kuongezewa damu. Chupa moja ya damu ina madini chuma miligramu 200 hadi 250 tu. Damu inaokoa maisha ya aliyezidiwa, mwenye moyo unaoshindwa au anayevuja, na ni haki yake. Lakini hailipi deni hilo, na chupa ile kuna mama mwingine anayeihitaji chumba cha kujifungulia.

Kinacholipa deni ni madini chuma ya kupitishwa kwenye mshipa. Wengi hawajawahi kuiona dripu hii. Ni maji ya rangi ya kahawa iliyokolea, yananing'inia kwenye chupa yakishuka tone kwa tone. Yako ya aina kadhaa. Ile ya sukrosi hutolewa miligramu 200 kwa mara moja, kwa hiyo mama wetu angehitaji kurudi mara tisa hivi, na kwa mtu wa biashara hizo ni siku nyingi. Ile ya kaboksimaltosi inaweza kuingiza miligramu 1,000 kwa dakika 15, akamaliza kwa mara mbili, ingawa ni ghali zaidi na inaweza kushusha fosfati mwilini.

Na si jambo la Ulaya tu. Hapa Tanzania, Bagamoyo na Mwananyamala, wanawake 230 waliojifungua wakiwa na upungufu wa madini chuma waligawanywa, wengine wakapewa dripu ya kaboksimaltosi na wengine vidonge. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Baada ya wiki sita, damu ilikuwa imerudi sawa kwa karibu wanane katika kila kumi waliopewa dripu. Kwa waliomeza vidonge ilikuwa karibu nusu. Na hao walikuwa na matumbo mazima. Kwa aliyekatwa mfuko sababu ya kutumia dripu ina nguvu zaidi. Mimi naona dawa hii inastahili kupatikana katika kila hospitali ya rufaa ya mkoa, na ningependa kusikia wanaopanga bajeti za dawa wakilizungumza hilo.

Tahadhari zake zipo. Itolewe hospitali, penye daktari, penye dawa ya kuzuia mzio mkali, na mgonjwa akae nusu saa baada ya kumaliza akiangaliwa. Mzio ni wa nadra kwa dawa hizi mpya, lakini ukitokea hauna subira. Asitundikiwe nyumbani na jirani anayejua kuchoma sindano. Asipewe akiwa na maambukizi makali mwilini. Mjamzito asipewe miezi mitatu ya kwanza. Na sindano ikitoka nje ya mshipa ngozi inaweza kubaki na baka la kahawia kwa muda mrefu, hivyo akihisi mkono unachoma au unavimba aseme pale pale.

Mimba nayo tuiseme. Wanawake wengi wakipungua uzito mayai yanarudi kupevuka na wanashika mimba bila kutarajia. Ushauri ni kusubiri mwaka mmoja hadi mmoja na nusu baada ya upasuaji, kwa hiyo uzazi wa mpango uzungumzwe kabla ya kisu. Akishika, nesi wa kliniki aandikiwe kwenye kadi kwamba mama huyu alifanyiwa upasuaji, maana mahitaji yake ya damu si ya mwenzake aliyekaa naye kwenye benchi.

Wanaofanya upasuaji nao nina neno kwao, kwa heshima. Mgonjwa anapotoka mpeni karatasi moja kwa Kiswahili, inayosema alifanyiwa nini, dawa gani ni za maisha, dawa gani za maumivu asiguse, na vipimo gani apimwe mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, kisha kila mwaka. Karatasi hiyo isomeke kwa mganga wa Ibadakuli ambaye hajawahi kumwona mgonjwa wa namna hii maishani mwake.

Swali la mwisho ambalo huulizwa mara nyingi: damu ikifika 12 niache? Hapana. Damu hujaa kwanza, akiba hujaa baadaye; kwa vidonge ni miezi mitatu zaidi baada ya damu kukaa sawa, kisha unarudi kwenye kipimo cha kinga. Kama ulipewa dripu, usikimbilie kupima feritini wiki inayofuata, itasoma juu mno na utadhani umepona milele. Subiri wiki nne, hata nane. Damu yenyewe utaihisi kabla ya hapo: wiki ya pili au ya tatu pumzi inarudi, na ile hamu ya mchele mbichi mara nyingi hupotea mapema kuliko vyote.